Kabla hujachukua namba ya msuguano kwenye jedwali

Wengi wanaoanza kazi ya maji wakipewa mfereji wa kukokotoa hukimbilia jedwali, wakachukua n ya Manning (namba ya msuguano wa mfereji katika fomula ya Manning ya kasi ya maji), wakaendelea. Nakusihi, nenda kwanza ukauone mfereji wenyewe.

Jedwali litakuambia mfereji wa udongo, ulionyooka na safi, n yake ni kama 0.022. Majani yakiota, si ajabu ikafika 0.035. Kwa kina kilekile na mteremko uleule, kasi inashuka hadi asilimia 63 hivi ya ile ya awali. Maji yaleyale sasa yanahitaji kina kikubwa zaidi, na kingo zikiwa fupi yatamwagika. Kwa hiyo uliza: nani atafyeka, na mara ngapi? Mimi hukokotoa mara mbili: n ndogo ili nione kama kasi itamomonyoa udongo, n kubwa ili nipate urefu wa kingo.

Kwenye mabomba, kinachowaponza wengi ni kipenyo. Kwa kiasi kilekile cha maji, upotevu wa presha hubadilika kinyume na kipenyo, karibu kwa kipeo chake cha tano: kipenyo kikipungua, upotevu unapanda. Bomba la milimita 100 likishika ukoko wa milimita 5 pande zote, hubaki na 90, na upotevu unaongezeka kwa takriban asilimia 70, hata kabla hujahesabu kwamba ukoko wenyewe unakwaruza kuliko bomba jipya. Tumia kipenyo halisi cha ndani, si kile kilichoandikwa kwenye bomba.

Ukikuta f, yaani namba ya msuguano wa bomba, kwenye kitabu, hakikisha ni ya nani. Ile ya Darcy ni mara nne ya ile ya Fanning. Angalia mtiririko tulivu: f ikiandikwa 64 gawanya kwa namba ya Reynolds (inayoonyesha kama mtiririko ni tulivu au wa vurugu), ni Darcy, ikiwa 16, ni Fanning. Fomula ya Hazen-Williams, nyingine ya kukokotoa upotevu wa presha kwenye mabomba, nayo iache kwa maji ya joto la kawaida. Mafuta usiyaguse nayo.

Mfereji ukiwa tayari upo, pima. Chagua kipande kilichonyooka, weka kitu kinachoelea, hesabu muda, kisha zidisha kasi hiyo kwa 0.85 hivi, maana maji ya juu hukimbia kuliko wastani. Pima upana, kina na mteremko wa uso wa maji, halafu geuza fomula ya Manning utoe n. Upepo ukivuma, subiri utulie.