Magugu Yanayomeng'enya Dawa: Maswali ya Wasomaji

Kiuagugu kilekile cha ngano nimekitumia miaka mingi. Msimu huu magugu mengine yamekufa, mengine yamesimama. Nimeuziwa feki?

Tazama kilichobaki. Dawa feki hubakiza magugu ya kila aina, shamba zima. Nozeli iliyoziba huacha mistari iliyonyooka. Usugu una sura nyingine: inabaki aina moja tu, na ndani ya aina hiyo utakuta mche uliokauka kando ya mwenzake wa kijani wa umri uleule. Gugu linalovunjavunja dawa mara nyingi hudhurika kwanza. Majani hugeuka manjano, mche hudumaa wiki moja au mbili, kisha huchipua upya katikati. Hapo usikimbilie kurudia dawa ileile.

Gugu linawezaje kuimeng'enya sumu? Halina ini.

Ini halina, ila lina vimeng'enya vya ukoo uleule unaofanya kazi kwenye ini lako: saitokromu P450. Hivi hupachika oksijeni kwenye molekuli ya dawa na kuipunguzia makali. Vimeng'enya vingine huiunganisha na glutathioni (kemikali ya asili ya seli) au sukari, kisha dawa husukumwa kwenye vakuoli, ghala la ndani ya seli, isikoweza kudhuru. Mahindi nayo hujiokoa hivyohivyo dhidi ya viuagugu vyake: nikosulfuroni huvunjwa na P450, atrazini hufungwa na glutathioni. Gugu sugu mara nyingi halijabuni kitu kipya, limezidisha tu vimeng'enya iliyokuwa navyo aina yake. Ni suala la muda: dawa ikivunjwa kabla ya kufika kwa wingi pale inapoulia, mche unapona.

Basi nibadilishe, nilete dawa ambayo haijawahi kugusa shamba langu?

Yaweza kushindwa pia, na hilo ndilo linalotutia wasiwasi kuliko yote. Kusini mwa Australia, miaka ya 1980, nyasi ya Lolium rigidum iliyozoea kiuagugu cha diklofopu ilikutwa ikihimili klorosulfuroni, dawa ya kundi tofauti kabisa, yaani inayoua kwa njia nyingine. Baadaye ilionekana kwamba jeni moja ya P450 ya nyasi hiyo, CYP81A10v7, inaweza kuipa usugu kwa dawa za makundi yasiyopungua matano. Kwenye mashamba ya mpunga ya California, gugu la Echinochloa phyllopogon lina jeni mbili za ukoo huohuo. Kwa hiyo kuzungusha makundi ya dawa kunasaidia, lakini usikutegemee peke yake. Ng'oa yaliyobaki kabla hayajakomaza mbegu, badilisha zao, na safisha mashine ya kuvunia kabla haijaingia shamba jingine.

Dawa ni ghali. Nusu dozi si bora kuliko kukosa kabisa?

Kwa usugu huu, nusu dozi ni mbaya sana. Miche yenye uwezo mdogo wa kuvunja dawa, ambayo dozi kamili ingeiua, hupona na kuzaa. Lolium huchavushana mche kwa mche, hivyo uwezo mdogomdogo hukusanyika kwenye watoto. Majaribio ya Australia yalionyesha vizazi vitatu tu vya dozi pungufu vinatosha kuleta usugu.

Pima bomba lako la kupulizia kwa maji matupu. Likimaliza lita 2 kwenye mita za mraba 100, unatumia lita 200 kwa hekta, na bomba la lita 16 hufunika mita za mraba 800. Lebo ikisema lita 1.5 kwa hekta, weka mililita 120 kwa bomba. Pulizia gugu likiwa na majani 2 hadi 3. Likizidi hapo, hata dozi kamili inakuwa kama pungufu.

Nasikia malathioni, dawa ya wadudu, huvunja usugu. Niichanganye?

Hapana. Ni kweli huzuia baadhi ya P450, na watafiti huitumia kutambua usugu wa aina hii. Lakini haichagui: huzuia pia zile za mahindi, na nikosulfuroni ikafuata, mahindi yenyewe huungua.

Nitahakikishaje bila maabara?

Kusanya mbegu zilizokomaa kutoka miche mingi iliyopona, na nyingine za aina hiyohiyo kutoka mahali pasipowahi kupuliziwa. Zipande kwenye makopo yaliyotobolewa chini. Zikifikisha majani 2 hadi 3, gawa kila kundi mara tatu: maji tu, dozi ya lebo, na dozi maradufu, kwa nozeli na mwendo uleule wa shambani. Hesabu miche iliyo hai baada ya siku 21. Zile za mahali safi zisipokufa kwa dozi ya lebo, kosa liko kwenye dawa au upuliziaji. Zikifa hizo peke yake, ni usugu. Miche iliyopona iteketeze kabla haijatoa maua.