Kabla Hujachimba Kisima, Piga Hesabu ya Maji

Ukifika mwezi wa tano simu zinaanza kuingia. Mmoja yuko Nzega mjini, mwingine yuko Dar es Salaam lakini shamba la babu yake liko huku, na swali linafanana: "Kaka, nikichimba kisima, nikafunga pampu ya sola, nikalima mahindi ya kiangazi, yatanilipa?"

Mimi nalima hapa Nzega, mkoani Tabora. Nina majaruba ya mpunga mbugani, yaani bondeni kwenye udongo mweusi, na bustani ya vitunguu na mboga pembeni ya kisima. Swali hili nalijibu kwa moyo kwa sababu nimeona hela za watu zikizama ardhini. Naomba tuhesabu pamoja.

Milimita moja ya maji juu ya eka moja ni kama lita 4,000, yaani mapipa 20 yale ya lita 200. Mahindi hadi yakomae yanataka milimita 500 hadi 800. Tuchukue ile ndogo: lita milioni mbili kwa eka moja. Haya, rudi kisimani. Pampu yako inatoa lita 2,000 kwa saa, jua likiwa zuri inafanya kazi saa sita, kwa hiyo una lita 12,000 kwa siku. Zimwage kwenye eka, ni milimita tatu tu. Septemba na Oktoba, kwa jua la huku na ule upepo wake, mahindi yanayotoa mbelewele yanaweza kunywa milimita sita kwa siku. Maana yake pampu ile inamudu nusu eka, tena kama hakuna tone linalopotea njiani. Sasa weka gharama ya kuchimba, sola, tanki na mabomba upande mmoja, na magunia ya nusu eka upande wa pili. Hata debe lipande vipi Januari, hesabu haikai.

Huku tumezoea kuulizana umelima eka ngapi, umevuna gunia ngapi. Hilo linafaa masika. Kiangazi jiulize lita zako elfu moja zimekurudishia shilingi ngapi. Kwa wastani wa dunia, kilo moja ya ngano hutumia kama lita 1,800 za maji hadi ivunwe, na kilo moja ya nyanya kama lita 200. Ndiyo maana kisima changu hakijawahi kumwagilia nafaka.

Kuna nchi zimelipia somo hili kwa bei kubwa. Saudi Arabia haina hata mto mmoja wa kudumu, lakini miaka ya 1980 serikali yake iliwalipa wakulima bei kubwa kuliko ya soko la dunia ili walime ngano jangwani kwa maji ya visima virefu. Maji yale yalikuwa yamekaa chini ya ardhi maelfu ya miaka, na mvua ya kuyarudisha haipo. Kufikia 1992 mavuno yalipanda hadi tani milioni nne hivi, na nchi ikawa inauza ngano nje. Ukiitazama vizuri, ilikuwa inasafirisha maji yake ndani ya magunia. Mwaka 2008 serikali iliamua kupunguza ununuzi wa ngano ya ndani mwaka hadi mwaka, na 2016 ikausimamisha. Jirani yao Yordani, nchi yenye maji haba kuliko karibu nchi zote duniani, huagiza nje karibu ngano yake yote na maji ya bonde lake inayapeleka zaidi kwenye mboga na matunda. Sisemi sisi tuache kulima chakula chetu. Nasema chakula cha nafaka tukilime kwa mvua.

Na mvua tunayo. Tabora hupata kama milimita 700 hadi 1,000 kati ya Novemba na Aprili. Milimita 800 juu ya eka moja ni lita zaidi ya milioni tatu, bure, zimeletwa hadi shambani. Pampu ile ya lita 12,000 kwa siku ingehitaji zaidi ya miezi minane kuzitoa. Tatizo letu ni kuziacha zikimbie. Kwenye udongo wa kichanga, lima matuta ya kukinga mteremko, kisha funga mitaro kwa vijituta kila baada ya hatua chache ili maji yasimame na kuzama. Weka samadi. Acha mabua shambani yawe matandazo. Najua hapo ng'ombe wa watu wataingia, kwa hiyo zungumza na wafugaji mapema, mpatane lini na wapi wachunge. Mazungumzo hayo yana faida kuliko roli moja la mabomba.

Mbugani ndiko kwenye utajiri ambao wageni hawauoni. Mpunga ukishavunwa, ule udongo mweusi unabaki umeshika maji. Hapo ndipo tunapanda dengu, sisi wa Nzega na wenzetu wa Igunga. Dengu zinaota, zinachanua na kukomaa kwa unyevu ulioachwa na masika, na mimi sijawahi kuzimwagia hata keni moja. Siri iko kwenye wakati: mbegu iingie kabla nyufa hazijafunguka, kwa sababu ufa ukishafunguka unyevu unaondoka haraka sana. Zikianza kutoa vitumba, pita shambani kila mara uangalie funza, maana akishaingia ndani ya kitumba dawa haimfikii. Baada ya hapo ni kuvuna. Shamba moja, masika moja, mazao mawili.

Udhaifu wa dengu ni soko. Mnunuzi mkubwa ni India, na Desemba 2017 ilipoweka ushuru wa asilimia 30, kisha ukafika asilimia 60 Machi 2018, bei ilianguka vibaya. Kwa hiyo usiweke mbuga nzima dengu. Gawa na choroko, na fuatilia habari za India kama unavyofuatilia utabiri wa mvua.

Wakulima wa tumbaku wa Urambo na Kaliua wanafanya jambo ambalo wengi hawaliangalii. Maji machache ya kiangazi wanayaweka kwenye kitalu, tuta dogo tu, wanamwagilia kwa keni hadi miche iwe tayari. Mvua ikishika, wanahamishia shambani, na mvua inamaliza kazi. Fanya hivyo kwa nyanya, pilipili hoho, hata mipapai. Maji ya mkono kwa mche mdogo, maji ya mbinguni kwa mmea mkubwa.

Maji ya bomba kutoka Ziwa Victoria, yaliyofika kwetu, Igunga na Tabora mjini, waachieni watoto wanywe. Kwa bei ya uniti moja, bustani ya biashara haitoki.

Kama bado unataka kisima, na mimi sikukatazi, anza na robo eka ya vitunguu au mboga, karibu na barabara, kwa mipira ya matone. Matone yanapeleka maji kwenye shina, magugu ya katikati yanakosa. Pima maji kwanza, kwani yakiwa na chumvi au magadi yataua udongo taratibu. Kwa kisima kinachochimbwa kwa mashine, nenda bodi ya maji ya bonde lako ukaombe kibali cha kuchimba na cha kutumia maji, ndivyo Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009 inavyotaka. Sisi wa Nzega na Igunga tuko Bonde la Kati, wenzetu wa Urambo na Kaliua wako Bonde la Ziwa Tanganyika.

Na fundi akikupimia kisima mwezi wa nne akakuambia kinatoa lita elfu tatu kwa saa, usinunue pampu siku hiyo. Mwite tena Oktoba, kisima kikiwa kimeshuka kabisa, apime mbele yako. Pampu na ukubwa wa bustani vipangwe kwa kipimo hicho cha Oktoba.