Visu vya kufyatuka na hewa ya Tanga

SWALI: Naanza kukusanya visu vya kukunja vinavyofyatuka kwa kitufe. Ninavyo viwili vya zamani. Kimoja hukwama katikati. Je, springi imechoka? — Msomaji, Ngamiani, Tanga

JIBU: Ndugu msomaji, mara nyingi springi haina kosa. Mafuta mazito ya zamani hugeuka gundi kwenye pini ambayo bapa huzungukia. Elekeza ncha mbali na watu, dondoshea mafuta ya taa kwenye pini, fungua na kufunga kama mara kumi, kisha futa na ukaushe. Malizia na tone moja la mafuta ya cherehani. Moja tu, kwani yakizidi hushika vumbi. Kikiendelea kukwama, hapo ndipo ushuku springi. Ikivunjika haichomelewi, hutengenezwa nyingine.

Adui yako mkubwa ni chumvi ya hewani. Usihifadhi kisu ndani ya ala ya ngozi: ngozi hushika unyevu, chuma kinapata kutu na shaba inaota ukijani. Kifute jasho la mkono, kipake mafuta kidogo, kiweke kwenye kopo lenye mfuniko wa kubana pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vya maboksi ya viatu.

Unaponunua, fungua bapa ulitikise. Likicheza, pini au loki imelika, kiache. Kisu cha zamani usikisugue kwa msasa, utafuta muhuri wa mtengenezaji.

Na kabla ya kuagiza nje, waulize polisi na forodha. Uingereza, kwa mfano, ilipiga marufuku kuviuza mwaka 1959.