Je, mkimbiaji wa njia ya 8 husikia bastola akiwa amechelewa?

Ndugu, umeuliza kama aliye njia ya 8 huonewa kwa kuwa mbali na bastola. Bila vifaa vya kisasa, ndiyo, na tofauti inapimika kabisa.

Sauti husafiri takriban mita 340 kwa sekunde. Kila njia ina upana wa mita 1.22, kwa hiyo kutoka njia ya 1 hadi ya 8 ni kama mita 8.5. Mwanzishaji akisimama upande wa ndani, wa nje atasikia sekunde 0.025 baadaye. Kwenye mita 100, medali huamuliwa kwa pengo dogo kuliko hilo! Mita 400 ni balaa zaidi: wa njia ya 8 huanzia takriban mita 53 mbele ya wa njia ya 1.

Ndiyo maana mashindano makubwa huweka spika nyuma ya kila kitalu cha kuanzia (kifaa ambacho mkimbiaji huegemeza miguu kabla ya kuchomoka). Lakini bastola yenyewe ikilia kwa nguvu, aliye karibu bado hufaidika, kwa sababu mlio mkubwa huushtua mwili ukachomoka upesi. Watafiti waliliona hilo kwenye takwimu za Olimpiki ya Athens 2004. Kwa maoni yangu, bastola ya kielektroniki isiyo na mlio wake, sauti ikitoka kwenye spika pekee, ndiyo haki ya kweli.

Kikomo cha sekunde 0.100 nacho kinaniuma: anayechomoka kabla ya muda huo kupita tangu mlio huhesabiwa ameanza mapema. Mwaka 2022, kwenye Mashindano ya Dunia huko Eugene, Marekani, Mmarekani Devon Allen aliondolewa fainali ya mita 110 kuruka viunzi kwa kuchomoka sekunde 0.099 baada ya mlio.