Barua kwa Mwanangu: Kuhusu Sahani Aliyoianika Babu Yako

Mwanangu mpendwa,

Barua yako imetufikia, nasi hapa Tanga hatujambo, ila mama yako bado anataka kujua kama umenunua koti zito. Umeandika kwamba tangu Ozzy Osbourne, mwimbaji wa kundi la roki la Black Sabbath, afariki mwezi Julai 2025 umekuwa ukipita kwenye lile daraja la Broad Street ambalo mji wa Birmingham, huko Uingereza, umelipa jina la kundi hilo, ukawaona watu wazima wakiweka maua na kulia, ndipo ukakumbuka kisa cha sahani yangu ya santuri, ukaniuliza iwapo babu yako alikuwa na haki ya kuiharibu. Nitalifikia swali hilo. Lakini siwezi kuzungumzia haki ya aliyeharibu kabla sijakueleza kilichoharibiwa, maana katika ukoo wetu kisa hiki kimesimuliwa miaka yote kwa habari ya jua na bati, na muziki wenyewe hautajwi kabisa.

Sahani ile ilikuwa Paranoid, albamu yao ya pili, iliyotoka Uingereza Septemba 1970, miezi saba tu baada ya ile ya kwanza. Niliachiwa na mwalimu wetu wa hisabati, Mwingereza, mkataba wake ulipokwisha. Kwenye jalada kuna picha yenye ukungu ya mtu mwenye upanga na ngao akichomoza nyuma ya mti, picha isiyohusiana hata kidogo na jina la albamu, kwa kuwa ilikusudiwa kuitwa War Pigs, yaani Nguruwe wa Vita, kisha kampuni ya kurekodi ikabadilisha jina na kuiacha picha vilevile. Babu yako aliliona jalada hilo na jina la kundi, Sabato Nyeusi, na kwake hayo yalitosha.

Wimbo unaofungua upande wa kwanza ndio huo “War Pigs”, nao unakaribia dakika nane. Unaanza polepole, gitaa na besi vikiburuta nota nzito pamoja, huku king’ora cha kutahadharisha mashambulizi ya ndege kikilia juu yake. Kisha vyombo vyote vinanyamaza, inabaki saimbali ya Bill Ward ikihesabu muda, na sauti ya Ozzy inaingia peke yake, ikikatizwa na mapigo mawili mawili ya gitaa. Anawaimba majemadari wanaopanga vita na kuwatuma maskini wakafe. Nilikuwa nikiusikiliza wakati ambao baba yako mkubwa alikuwa bado Uganda na jeshi letu baada ya Vita vya Kagera, na bibi yako hakuwa akilala usiku. Najua utasema, na mimi mwenyewe nimejiambia mara nyingi, kwamba vita ile hatukuipanga sisi, tulivamiwa, na kwa hiyo wimbo ule haukutuhusu. Ni kweli. Hata hivyo, kijana anayemsubiri kaka yake hasikilizi kwa kuchagua nani alianza.

Na shetani, mwanangu, yumo humo, sikatai. Anatajwa mwishoni kabisa mwa maneno ya wimbo, siku ya hukumu ilipofika, Mungu anaita, na majemadari wale wanatambaa kwa magoti wakiomba rehema. Hapo ndipo shetani anacheka na kukunjua mabawa yake, kwa sababu wamekuwa wake. Sijaona tofauti kubwa kati ya ubeti huo na mahubiri ambayo babu yako, mzee wa kanisa, aliyatoa mbele yetu Jumapili baada ya Jumapili.

Sasa sikiliza jambo ambalo nimelisema na nitalisema tena: uzito wa muziki ule ulitoka kiwandani, haukutoka kuzimu. Mpiga gitaa wao, Tony Iommi, alikuwa kijana wa miaka 17 katika kiwanda cha mabati huko huko Birmingham uliko wewe, na ilikuwa siku yake ya mwisho kazini, alipowekwa kwenye mashine ya kukandamiza chuma ambayo haikuwa yake, ikamkata ncha za vidole viwili vya katikati vya mkono wa kulia. Yeye hupiga kwa shoto, kwa hiyo mkono huo ndio unaobana nyuzi. Msimamizi wake alimpelekea sahani ya Django Reinhardt, mpiga gitaa aliyepoteza nguvu za vidole viwili kwa ajali ya moto na bado akapiga kwa namna iliyowashangaza watu. Iommi akayeyusha chupa ya plastiki ya sabuni ya kuoshea vyombo, akajitengenezea ncha mbili za kuvalia vidoleni, akazigandishia vipande vya ngozi ili zishike nyuzi. Akatafuta nyuzi nyembamba zisizomuumiza, na katika albamu iliyofuata, Master of Reality ya mwaka 1971, akazilegeza zaidi, gitaa likashuka na kuwa zito kuliko lolote lililokuwapo. Ndiyo maana nasema kiwandani.

Unajua kwa nini habari hii inanichoma. Vidole vya babu yako vilikwenda na korona, ile mashine ya kuchambua majani ya mkonge. Kabla wewe hujazaliwa, na kabla mimi sijazaliwa, alikuwa akipiga solo katika bendi ya dansi ya shamba la mkonge, na watu walitoka mashamba ya jirani kuja kumsikiliza. Siku moja akiwa analisha majani kwenye korona mashine ikamchukua vidole viwili vya mkono wa kushoto. Gitaa akaligawa, dansi akaliacha, akaokoka. Habari za vidole vya Iommi nilizisoma babu yako akiwa ameshazikwa. Laiti ningekuwa nazo mchana ule, ningemsomea pale pale uani, atake asitake.

Mchana wenyewe unaujua kwa kusimuliwa. Nilirudi shuleni nikaikuta sahani juu ya bati la banda la kuku, imevuliwa jalada, inawaka kwa jua la Februari, na kingo zake zimenyanyuka kama chapati iliyosahauliwa kwenye chuma. Alikuwa ameketi kivulini, akaniambia neno moja tu, kwamba nyumba yake haitamwimbia shetani. Bibi yako aliiteremsha kwa mti wa kuangulia maembe, akailaza sakafuni na kuikandamiza kwa jiwe la kusagia akitumaini itanyooka. Haikunyooka. Kingo ndizo zilizoharibika zaidi, na nyimbo za mwanzo wa kila upande ndizo zinazokaa ukingoni. Kwa hiyo “War Pigs” ilikwenda, sindano ikawa inaruka na kuteleza, na “Electric Funeral” ya upande wa pili ikaenda vilevile, ilhali “Iron Man”, iliyo karibu na kitovu, ilibaki ikipigika. Wimbo wa hukumu ya Mungu ndio uliochomwa.

Na kilichobaki kilinitosha kwa miaka. “Planet Caravan” ilikuwa inasikika kwa shida, lakini ukiipata nzima utasikia tumba zikipigwa taratibu kwa viganja, tumba kama zilizokuwa katika bendi ya babu yako, na sauti ya Ozzy ikipita kama imefunikwa na maji. “Hand of Doom” inaanza na besi ya Geezer Butler peke yake, nayo inawasema askari waliorudi kutoka Vietnam wakiwa wamenaswa na heroini. Hakuna mstari hapo unaosifu ulevi huo; mwili wa mtumiaji unaelezwa ukiharibika hatua kwa hatua. Niambie ni mzazi gani hapa Tanga leo asiyetaka kijana wake asikie hayo.

Unataka niseme kama alikuwa na haki. Nyumba ilikuwa yake, na mtu aliyepoteza muziki kwa namna ile huenda hawezi kustahimili gitaa la umeme likilia chumba cha pili. Hilo nalielewa zaidi kila mwaka. Lakini hakuiweka sindano hata mara moja, mpiga solo mzima, masikio yake yakiwa salama! Unaona kalamu inakonielekeza. Naizuia, kwa shida, kwa kuwa yeye hayupo kunijibu, na wewe umebeba jina la mama yake.

Uzito ule ulitoka kiwandani, mwanangu, na kiwanda kilikuwa katika mji unaokaa. Itafute Paranoid, uisikilize “War Pigs” mpaka pale maneno yanapokwisha na gitaa linaanza kukimbia, kisha uniandikie unadhani babu yako angesema nini majemadari wanapopiga magoti.

Baba yako