Ndoa bila shehe wala padri: majibu ya maswali yenu

Maswali ni mengi kuhusu harusi ya kihumanisti, yaani ile isiyo ya dini, wenyewe mnaapiana mbele ya watu wenu. Nayajibu haya kwanza.

Mimi Muislamu, mwenzangu Mkristo, hakuna anayetaka kumbadilisha mwenzie. Tunataka rafiki yetu atufungishe ndoa ufukweni Mikindani. Itatambulika?

Rafiki yenu kuongoza sherehe sawa kabisa, ila kufungisha ndoa hapana. Uskochi wahumanisti wanafungisha ndoa za kisheria toka 2005, Norway toka 2004, ila kwetu Tanzania Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inatambua ndoa ya serikali, ya kidini na ya kimila, basi. Kwahiyo nyie fungeni ya serikali, ile tunayoita ya bomani, haiwadai mbadili dini, mkishamaliza ndo mwende Mikindani mkaapiane mnavyotaka. Na msiichukulie poa hiyo ya boma jamani, siku mmoja akiondoka duniani ndugu wakaanza kugombania nyumba, cheti ndo kitaongea.

Notisi ya kutaka kuoana tuitoe siku ngapi kabla, na tubebe nini?

Si chini ya siku 21 kabla ya ndoa. Mnaandika majina, umri, mnapoishi, majina ya wazazi na kama mmoja wenu aliwahi kuoa au kuolewa, na hapo kama uliachika beba hati ya talaka, kama umefiwa beba cheti cha kifo. Notisi inatangazwa, mwenye pingamizi analeta. Semeni wazi pia kama ni ya mke mmoja, maana isiposemwa vingine ndoa ya serikali inachukuliwa hivyo. Siku yenyewe mnatakiwa kuwa na mashahidi wasiopungua wawili. Vyeti vya kuzaliwa, vitambulisho, picha, ada, pitieni ofisini mapema muulize wenyewe. Nyie wa Newala na Tandahimba mnaosubiri hela ya korosho ndo muanze mipango, hela inaingia leo kesho mnataka harusi, hizo siku 21 mtazitoa wapi? Kadi zisichapwe kabla notisi haijapokelewa, nakuomba.

Mjomba anasema mahari haijaisha kwahiyo hata tukienda boma ndoa ni batili.

Sio batili. Sheria hiyohiyo inasema mahari kutokamilika hakuvunji ndoa. Ila dada yangu, huku kwetu kwa Wamakonde na Wamwera mjomba sio mtu wa kumshinda kwa vifungu vya sheria, mfuateni nyumbani, mkae nae, mpangiane deni linamalizwa lini, tena mwombeni awe shahidi wenu bomani. Mjomba aliyeweka saini yake sidhani kama atageuka kuipinga.

Viapo tunaandikaje? Tumekopi vya mtandaoni havitugusi.

Havitawagusa kwasababu havina nyie ndani yake. Niliongoza sherehe moja Lindi, bwana harusi mvuvi, alikuja na karatasi imejaa "nitakupenda milele", nikamwambia kaa pembeni niandikie vitu vitatu tu, unaogopa nini, yeye anachoka na nini, na utafanya nini kuhusu hivyo. Akarudi na hiki: "Nikichelewa baharini najua hulali. Nitakupigia kila nikishika mtandao, hata kama sijapata kitu." Bibi harusi akamjibu: "Chakula chako kitakuwa chini ya kawa, na sitakuuliza samaki kabla sijakuuliza umechoka?" Mama yake alishindwa kujizuia, akalia pale pale kwenye kiti. Ndo kiapo hicho, kina kazi ya kufanya Jumanne usiku wakati hakuna mgeni. Hela nayo itajeni, wengi wanaona aibu lakini ndo inayovunja nyumba nyingi, sema kabisa "sitakopa bila wewe kujua". Kila mmoja aandike peke yake, halafu kabla ya siku mpeni mtu mmoja mnayemuamini asome vyote viwili, isije mmoja kaahidi maisha mwingine kaandika mistari miwili. Ukisoma, soma taratibu, upepo wa bahari unakula sauti, kodini spika.

Mwenzangu anasema tuishi tu, baada ya miaka 2 ni ndoa yenyewe.

Hapana. Sheria inasema mkiishi pamoja miaka 2 au zaidi na watu wakawajua kama mume na mke, *inadhaniwa* mmeoana, na dhana hiyo mtu anaweza kuipinga mahakamani kwa ushahidi. Mkipendana kweli hizo siku 21 ni nini?

Bibi yangu anataka kusoma dua. Nimkatalie?

Usimkatalie. Hamjakusanyika kumfukuza Mungu wa bibi, mmekusanyika kuapiana bila kudanganya, na yeye akiomba hadanganyi. Mwekeeni nafasi baada ya viapo, kabla pilau haijatoka, na bibi wa upande wa pili nae aulizwe kama anataka, halafu emsii ajue mapema nani anaanza.