Maswali yenu kuhusu akedi za zamani na pinboli ya nyumbani

Maswali kuhusu akedi (zile mashine kubwa za gemu za kutumbukiza sarafu) na pinboli (mashine ya kurusha gololi mezani) yamekuwa mengi alafu mengi yanafanana, kwa hiyo nimechukua yale ambayo naona yatasaidia wengi. Msimamo wangu nautoa mapema ili usishangae huko mbele: kwenye hii hobi kitu cha kwanza ni mkono, yaani ukibonyeza mashine iitike saa hiyo hiyo. Wingi wa gemu, mataa na stika vitafuata baadaye.

Nina kompyuta ya zamani imekaa tu, haina kadi ya grafiki. Inatosha kuanzia au nijipange kwanza?

Anza nayo leo. Gemu kama Space Invaders ya 1978, Pac-Man ya 1980, Galaga na Donkey Kong za 1981 hazitaki nguvu kabisa, hata kale ka kompyuta kadogo ka Raspberry Pi kanazicheza vizuri tu. MAME yenyewe, emuleta, yaani programu ya kuiga mashine, inayobeba karibu kila akedi unayoikumbuka, ilitoka 1997, na kompyuta za enzi hizo zilikuwa dhaifu kuliko simu uliyoshika sasa hivi. Ila elewa kitu kimoja, MAME lengo lake ni kuiga mashine ilivyokuwa kwa ndani, chipu kwa chipu, mambo ya spidi yanakuja nyuma, ndo maana gemu za 3D za mwishoni mwa miaka ya 90 zinaweza kuilemea hata kompyuta nzuri, na hapo kitakachokuokoa ni prosesa yenye kasi, siyo kadi ya grafiki. Pinboli ni kinyume chake. Visual Pinball, programu ya kucheza pinboli kwenye kompyuta, inaipenda kadi ya grafiki, hasa ukiwa na tv ya 4K, bila hiyo utaiona gololi inarukaruka badala ya kuteleza. Kwa hiyo akedi ianze sasa, pinboli isubiri kadi.

Nimejenga kabati la akedi, joistiki mpya, batani mpya, lakini nikibonyeza kuruka jamaa anaruka kwa kuchelewa. Mwanangu anasema ni umri. Batani ni mbovu?

Umri hauhusiki na batani mpya ni mara chache sana ziwe na hiyo tabia. Mtuhumiwa namba moja ni tv. Tv za siku hizi zikipokea picha haziionyeshi moja kwa moja, kwanza zinailainisha, zinaongeza rangi, zingine zinatengeneza picha za katikati ili mpira uonekane unaenda vizuri, na kazi yote hiyo inakula muda. Zile tv za kioo (CRT, zenye mgongo mnene) kwenye mashine za zamani zilikuwa zinachora mstari kwa mstari jinsi umeme wa picha unavyoingia, hakuna kuhifadhi, hakuna kupamba, na mwili wako bado unaukumbuka wepesi ule.

Usibahatishe, pima. Simu nyingi zinarekodi slow motion ya picha 240 kwa sekunde, iweke mahali ambapo kidole na skrini vyote vinaonekana, washa taa ya kutosha, bonyeza kuruka mara kadhaa. Alafu fungua video usogeze picha moja moja, hesabu kuanzia pale batani inapogota chini mpaka jamaa anapoanza kunyanyuka. Kila picha ni kama milisekunde 4, kwa hiyo ukihesabu picha 12 hiyo ni milisekunde 50, ukihesabu 30 hiyo ni 125 na hapo kweli gemu haichezeki. Usitegemee sifuri, maana gemu nyingi zenyewe zilikuwa zinasubiri fremu (picha moja ya gemu) moja au mbili tangu zilipotengenezwa.

Sasa rekebisha kimoja kimoja na upime upya kila mara. Washa game mode ya tv, na hakikisha umeiwasha kwenye tundu lile lile la HDMI unalotumia kwasababu kwenye tv nyingi kila tundu lina mipangilio yake, hili linawaponyoka watu sana. Toa vidhibiti visivyo na waya, tumia vya waya. Kwenye MAME kuna chaguo la lowlatency la kupunguza kuchelewa, kwenye RetroArch, programu nyingine ya kuchezea emuleta, kuna run-ahead, ambayo inaifanya gemu itangulie fremu kidogo ili ile subira ya ndani iondoke. V-sync, ile inayosubirisha picha ilingane na skrini, nayo inaweza kupanga foleni ya picha, ijaribu ikiwa imezimwa uone. Mi ningemaliza haya yote kabla ya kununua stika hata moja ya pembeni, kweli kabisa.

Pac-Man wangu anagoma kwenye kona. Namsukuma juu anaendelea kwenda pembeni. Kwenye gemu za kupigana joistiki hiyo hiyo iko poa.

Joistiki yako ni ya njia 8, na Pac-Man alitengenezwa kwa ajili ya njia 4. Ukisukuma kwa pembeni kidogo tu unagusa swichi mbili kwa pamoja na gemu haijui ifuate ipi. Igeuze chini uangalie, joistiki nyingi zina kisahani cha plastiki kinachozungushwa kutoka 8 kwenda 4, inachukua dakika chache. Utaona raha yake kwasababu Pac-Man akikunjwa mapema kabla hajafika katikati ya kona anaikata, mizimu haiwezi kufanya hivo, na ndo njia yako kubwa ya kuiacha nyuma. Donkey Kong pia inataka njia 4. Street Fighter II ndo irudishe kwenye 8.

Nataka kabati la pinboli la skrini. Tv ya inchi ngapi, na kweli itafanana na ile ya ukweli?

Uwanja wa mashine ya kawaida ya miaka ya 90 ni kama inchi 20 kwa 46. Tv ya inchi 43 ukiilaza ina upana wa kama inchi 21 na urefu wa 37 na kidogo, kwa hiyo upana unapata wote na urefu unakosa kama inchi 8. Inchi 32 inafanya kazi pia kwa kabati dogo. Nyuma unaweka skrini ya pili ya ile picha ya kichwani, na kama una nafasi ya tatu ni ya ile skrini ya nukta, 128 kwa 32, inayoonyesha pointi na vikatuni.

Kufanana sasa. Gololi ya kweli ni chuma cha milimita 27, uzito kama gramu 80, inashuka kwenye mteremko wa kama nyuzi 6.5, na ukishika kabati unaisikia inavyopita kwenye mbao. Skrini haina hicho kitu, kwa hiyo inabidi ukirudishe, na hapa ndo napenda watu waelekeze nguvu kuliko kwenye mataa ya rangi rangi. Njia nafuu na nzuri kuliko zote kwa maoni yangu ni spika za mtetemo, hazina koni ya mbele, unazigandisha kwenye mbao kwa ndani, mbili mbele karibu na flipa (vile vijiti vya kurudisha gololi juu) na mbili nyuma. Kompyuta inaziona kama sauti ya 7.1 na Visual Pinball inajua gololi iko wapi, inatuma mlio pale pale. Funga macho, gololi ikishuka utaisikia viganjani inatoka nyuma inakuja mbele, ikipiga bampa (nguzo inayoirusha gololi) ya kulia mbao ya kulia ndo inashtuka. Ukitaka zaidi ongeza koili (sumaku za umeme) za kweli zinazogonga kila flipa inapopanda. Koili zote hizo kila moja iwe na diodi yake (kipande kinachopitisha umeme upande mmoja tu), ule mstari wa diodi uelekee upande wa chanya, maana koili ikikatiwa umeme inarudisha msukumo mkali na bodi yako inakufa hivi hivi. Na fyuzi, usiache fyuzi.

Itakuwa sawa na ya kweli? Hapana, ila utacheza The Addams Family ya 1992, mashine iliyouzwa zaidi ya 20,000, na dakika inayofuata uko kwenye Medieval Madness ya 1997, ndani ya chumba kimoja. Mi naona inalipa.

Nikilisukuma kabati gololi haisikii. Nikiongeza nguvu kwenye mipangilio inasikia hadi nikibonyeza batani tu.

Sensa yako imekaa vibaya. Wengi wanatumia KL25Z, bodi ndogo inayounganisha kabati na kompyuta, ambayo ina kipimo cha mwendo ndani yake, na watu wanaifunga popote penye nafasi, kwenye kimbao kinachocheza au pembeni ya koili. Ifunge kwenye sakafu ya kabati, mbao nene, ilale sawasawa, mbali na koili, alafu iseti upya kabati likiwa limesimama kwenye miguu yake na limenyooka. Baada ya hapo anza na nguvu ndogo upandishe taratibu. Usiogope kusukuma, kusukuma ni sehemu ya mchezo, ndo maana mashine za kweli zina kile kitimazi kidogo kinachoning'inia ndani ya pete, ukizidisha kinagusa pete na mpira wako umekwisha. Acha hiyo adhabu, inaitwa tilt, imewashwa, bila hiyo unajizoesha mkono mbaya.

Gemu nazitoa wapi, na kwanini nyingine zinagoma kufunguka?

Hizi gemu zina wenyewe, umri wake haujafuta haki zao. Kuna chache ambazo wenye haki wameruhusu zitolewe bure kwa matumizi yasiyo ya biashara, Robby Roto mojawapo, zipo kwenye tovuti ya MAME yenyewe, anzia hapo. Zingine tafuta makusanyo rasmi yanayouzwa. Kugoma mara nyingi ni toleo: faili za gemu zinapangwa upya MAME inavyosonga mbele, za toleo moja zinaweza zisilingane na lingine. Usizifungue zile zip na usizibadili majina. Pinboli nazo, meza nyingi za kuanzia mwisho wa miaka ya 70 zina kompyuta yake ndani na zinataka faili ya ROM, yaani nakala ya programu ya hiyo kompyuta, ili ziwake, bila hiyo unabaki na picha tu.

Nimepata mashine ya akedi ya kweli, tv yake ya kioo bado inawaka. Nitoe vya ndani niweke kompyuta na skrini bapa?

Nakuomba usiguse. Mashine nzima zinazidi kupungua na tv za kioo hazitengenezwi tena, ukitaka kompyuta jenga kabati jipya la mbao, hii itunze ilivyo. Na usiingize mkono nyuma ya hiyo tv hata ukiwa umechomoa waya, kile kioo kinaweza kubaki na umeme, na ikiwa inafanya kazi volti zake zinaweza kupita 20,000. Mtafute fundi aliyezoea tv za kioo. Kazi unayoweza kufanya mwenyewe ni kufungua mlango umulike bodi kwa tochi bila kugusa, kama kuna betri zimeotesha unga wa kijani au mweupe mwambie fundi aanze na hizo, zinatafuna bodi polepole. Kwenye pinboli za zamani hilo ndo la kwanza kabisa kuangalia.

Koili zangu zinaamsha nyumba nzima usiku.

Weka swichi moja inayokata umeme wa koili na mota peke yake, uipachike chini ya kabati mkono unapofika. Ukitumia programu ya Pinscape kwenye KL25Z, ina night mode inayofanya hivo hivo kwa batani moja. Spika za mtetemo ziache ila zipunguze, na chini ya miguu weka raba nene, kelele nyingi zinapitia sakafuni.